Tupeane uzoefu: usukani wa Daytona USA ulikufundisha nini?

Mwanzilishi: Wadau salaam. Mnaikumbuka Daytona USA, ile mashine ya gemu ya mbio za magari ya Sega ya 1994, kiti kama cha gari, gia nne, usukani unakupiga mikono ukigusa ukuta? Mimi niliikuta Dubai, tulipoenda kwa mjomba. Kaka alinishinda kila siku kwenye uwanja wa kwanza, wa mizunguko 8. Siku moja nikaacha kutafuta njia ya kumpita, nikamganda tu mgongoni. Tulipofika kwenye mnyoofu gari langu likaanza kuvutwa, nikachomoka kwa ndani, nikamwacha. Nilidhani mashine ina hitilafu.

Nimekuja kusoma ukubwani kwamba dereva wa mbio Junior Johnson alikutana na jambo hilohilo kwenye uwanja halisi wa Daytona, Florida, mwaka 1960. Chevrolet yake ilizidiwa mbio na magari ya wenzake, lakini akigandana nyuma yao inakwenda nao, maana gari la mbele ndilo linalopasua upepo. Akashinda Daytona 500, mbio za maili 500 za uwanja huo, namna hiyo. Waliotengeneza ile gemu waliliweka hilo ndani, na mtoto akaligundua bila kuambiwa. Leteni visa vyenu.

Bi Shangazi: Maskati, sikukuu ya Idi. Ukumbi ulikuwa na mashine nane zimeungwa pamoja, basi binamu wote tunakaa safu moja. Mkono wa Idi wote uliishia pale! Kabla ya mstari wa kumalizia kuna namba zinazunguka juu ya barabara. Ukibonyeza kitufe cha kuanzia zikatulia saba tatu, unaongezewa muda. Binamu yangu mkubwa alikuwa bingwa wa hilo. Na ile sauti inayoimba ni ya Takenobu Mitsuyoshi, mtunzi mwenyewe wa muziki wa gemu. Hadi leo nikiisikia nanusa zulia la ule ukumbi.

Dereva wa Masafa: Niko Carolina Kaskazini, Marekani, naendesha lori. Huku ndiko kwenyewe kwa mbio hizi. Mzee mmoja kazini alinieleza mizizi yake: watu wa milimani walipika gongo, wakaisafirisha usiku kwa magari yanayoonekana ya kawaida, injini zimechezewa ili polisi wasiwapate. Wakaanza kushindana wao kwa wao. Mwandaaji wa mbio Bill France akawakusanya na wenzao, NASCAR, chama cha mbio hizo, ikaundwa 1948. Huyo Junior Johnson mwenyewe alifungwa kwa mambo ya gongo, akasamehewa na Rais Reagan mwaka 1986.

Nimefika Daytona. Runinga inakudanganya. Ile kona imelala nyuzi 31. Nilisimama chini nikaangalia juu, ni ukuta uliopakwa lami. Nikapanda hatua chache, nikainama kushika chini kwa mkono. Hapo nikaelewa kwa nini kwenye gemu unaingia kona ya kwanza bila kuachia mafuta: mlalo unaligandamiza gari chini badala ya kulitupa nje.

Mtu wa Vumbi: Mimi ni wa Safari Rally, nimekulia Nakuru. Kuzunguka uwanja uleule kwa kushoto masaa matatu sikuwahi kukuelewa. Ila maelezo ya upepo yamenigusa. Kwetu ukimfuata mtu karibu unakula vumbi lake, huoni jiwe wala shimo. Huko kumbe mgongo wa mwenzio ndio mtaji.

Mwanzilishi: Mtu wa Vumbi, tafuta habari za Daytona 500 ya kwanza kabisa, Februari 1959. Madereva Lee Petty na Johnny Beauchamp walivuka mstari sambamba, na gari la tatu lililozidiwa mzunguko likiwa ubavuni mwao. Beauchamp akatangazwa mshindi. Petty akakataa. Zikakusanywa picha za wapiga picha waliokuwepo, na siku ya tatu ushindi akapewa Petty.

Kaka sasa yuko Tanga. Jana nimempigia kumsomea uzi huu. Kanyamaza kidogo, halafu akasema siku ile ya Dubai yeye ndiye aliyetangulia mstari. Sisi hatukuwa na mpiga picha.