Nimejiandikisha ziara ya baiskeli ya hisani, siku 5 mfululizo. Nijiandae vipi?

Mpanda_Taratibu:
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo, nimejiandikisha kwenye ziara ya baiskeli ya kuchangia matibabu ya watoto wenye saratani, siku 5 mfululizo, kila siku km 80 mpaka 110, na siku ya tatu ndo ndefu halafu ndo yenye milima. Zimebaki wiki kumi. Kwenda kazini natumia baiskeli na wikiendi huwa napiga km 50 hivi bila shida, pumzi ipo, ila sijawahi kupiga safari ndefu nikalala nikaamka nikaendelea tena. Mabegi yanabebwa na gari na kuna gari lingine la kuokota wanaozidiwa. Sasa mazoezi nipange vipi, baiskeli nirekebishe nini (ni ya barabarani, tairi nyembamba milimita 25), na hii michango nifanyeje maana kila mshiriki kapewa kiwango cha kufikisha na mimi kuomba watu hela naona aibu balaa. Karibuni.

Spoki_Legevu:
Hongera mkuu. Pumzi unayo kwa hiyo hapo usijisumbue sana, kitakachokutoa jasho ni makalio. Wengi wanaoishia kwenye lile gari la kuokota miguu yao bado inataka, wameshindwa tu kukaa kwenye siti asubuhi ya pili. Dawa yake ni kuendesha Jumamosi NA Jumapili, usiipige yote Jumamosi halafu Jumapili ukalala. Anza na 50 na 40, panda kidogo kidogo, kila baada ya wiki tatu punguza wiki moja mwili ujijenge, ikifika wiki ya nane uwe umefikisha 90 Jumamosi na 75 au 80 Jumapili. Siku zote 5 huna haja ya kuzijaribu nyumbani, ukimudu mbili mfululizo zilizobaki mwili utazoea huko huko. Wiki ya mwisho ni ya kulegeza miguu tu, mazoezi ya wiki hiyo hayakuongezei kitu zaidi ya uchovu.

Dada_Gia:
Nakazia hapo kwa Spoki. Nunua bukta ya pedi (ile ya baiskeli yenye sponji sehemu ya kukalia), na HAIVALIWI NA CHUPI. Najua kuna watu watabisha ila mishono ya chupi inapita pale pale unapokalia, changanya na jasho na msuguano, km 60 tu ngozi imeshachubuka na bado una siku nne. Uwe nazo angalau tatu, moja umevaa, moja inakauka, moja ya akiba. Na ukifika tu vua, usikae nayo masaa mawili unapiga stori na wenzio, unyevu na joto ndo vinaleta vipele, na kipele kikitokea usikitumbue. Pia usidanganywe na ile siti pana laini kama kochi, unakaa raha dakika kumi halafu mifupa ya makalio inazama, nyama zinabanwa, ganzi inaanza. Tafuta inayolingana na upana wa mifupa yako na uizoee kuanzia sasa hivi.

Mpanda_Taratibu:
Bila chupi kabisa?

Dada_Gia:
Kabisa kaka. Ukiona aibu vaa kaptura juu yake.

FundiCheni:
Kabla hujanunua chochote pima urefu wa siti. Panda baiskeli umeegemea ukuta, weka KISIGINO kwenye pedeli, ishushe mpaka chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha mbele ya unyayo kwenye pedeli goti litabaki limekunjika kidogo na hapo ndo penyewe. Goti likiuma kwa mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma kwa nyuma iko juu. Sogeza milimita chache tu kisha ukaendeshe, usihamishe vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia. Vidole viwili vya mwisho vikifa ganzi ni mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiganja, angalia pua ya siti isiwe imeinama maana unateleza mbele na uzito wote unaishia mikononi.

Cheni sasa. Chukua rula, hesabu pingili 24 pini kwa pini, cheni mpya ni milimita 304.8, ikishafika 306 na ushee weka mpya kabla haijala sproketi (yale magurudumu ya meno inayozungukia). Tairi kama fremu na breki vinaruhusu panda mpaka 28 au zaidi na upepo upunguze kidogo, mikono itakushukuru. Kwa ile milima gia nyepesi ni muhimu kuliko kitu chochote cha gharama utakachoshawishiwa kununua, sproketi kubwa ya nyuma iwe na meno 32 au 34 kama kibadilisha gia chako kinaimudu. Yote hayo yaishe wiki mbili au tatu kabla, usipeleke baiskeli kwa fundi jioni ya kuamkia safari.

Na jifunze kuziba pancha ya tairi la NYUMA mwenyewe. Ukishatoa tyubu pitisha vidole taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, kitu kilichotoboa mara nyingi bado kimo humo, kijiwaya chembamba hata hukioni, usipokitoa tyubu mpya nayo inakwenda.

Mchokonozi:
Mnamtisha bure mwenzenu, hii ni hisani sio mashindano. AIDS/LifeCycle, ziara ya baiskeli ya kuchangia vita dhidi ya UKIMWI kule Marekani, San Francisco mpaka Los Angeles, ilikuwa karibu km 880 kwa siku 7, imefanyika miaka mingi mpaka 2025, na waliokuwa wanapanda ni watu wa kawaida tu wa maofisini.

Spoki_Legevu:
Hao hao wa maofisini walikuwa na vikundi vya mazoezi miezi kadhaa kabla. Hakuna anayemtisha mtu hapa.

MlaNjiani:
Mbona chakula hamjagusa? Kula kabla hujasikia njaa, gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, ndizi moja kubwa inakupa kama 30. Ukisubiri njaa ikukute umeshachelewa, utatembea unasukuma baiskeli. Maji nusu lita mpaka robo tatu kwa saa, jua likiwa kali ongeza, na weka chumvi kwenye chupa moja maana kujaza maji matupu siku nzima kunashusha chumvi mwilini na hilo nalo ni hatari. Jioni usiruke mlo hata kama hamu hakuna, kile ndo cha kesho. Zile jeli za nguvu za kunyonya za vipakti jaribu kwenye mazoezi kwanza, kuna matumbo hayazitaki kabisa.

Mweka_Hazina:
Kwenye michango aibu itoe kwa kuanza wewe mwenyewe kuchangia, mtu akifungua ukurasa akakuta sifuri anaahirisha. Halafu usirushe kwenye makundi ya WhatsApp, utapewa emoji za kupiga makofi na hakuna shilingi wala senti. Andikia mtu mmoja mmoja kwa jina lake, mistari minne tu, pesa inaenda wapi na mwisho lini, na kiungo cha kuchangia moja kwa moja ili isipitie mfukoni kwako. Gharama zako za safari useme wazi unalipa mwenyewe kama ndivyo, hilo swali watu wanalo hata wasipoliuliza. Ambaye hajajibu mkumbushe mara moja, na ukiwa njiani tuma picha kila jioni, kuna wanaotoa wakishaona kweli uko barabarani.

Mpanda_Taratibu:
Dah, asanteni sana wakuu, hiyo ya kuandika mmoja mmoja naanza leo usiku. Maswali mawili ya mwisho, viatu vya kunasa kwenye pedeli ninunue? Na nijue nini kuhusu kuendesha kwenye kundi, mimi nimezoea peke yangu.

FundiCheni:
Viatu ukinunua ni wiki hii, ukichelewa zaidi baki na pedeli za kawaida, kilometa utamaliza tu. Kwenye kundi usiingize tairi lako la mbele ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzio, akikwepa shimo wewe ndo unaanguka, yeye anaendelea. Usifunge breki ghafla, na shimo ukiliona lionyeshe kwa mkono na upige kelele.

Mpanda_Taratibu:
Poa. Na mafuta ya kuzuia michubuko, nasikia watu wanapaka ya mgando, yanapakwa kwenye pedi au kwenye ngozi?

Dada_Gia:
Ngozi. Ukiyapaka kwenye pedi hayatoki kirahisi ukifua.