Naomba ushauri: dagaa wamenyeshewa, hasara nimbebeshe nani?

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nanunua dagaa Ukerewe na kuuza soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Giza lililopita (siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa) nilikubaliana bei na kina mama sita wanaoanika, nikawapa nusu ya pesa. Kabla sijapakia, mvua ikapiga siku mbili mfululizo. Dagaa waliokuwa mchangani wamegeuka rangi, wananuka. Hao sasa ni wa chakula cha kuku tu, kwa bei ya kutupa.

Mwenzangu tunayechangia mtaji anasema tusimalizie malipo, maana mzigo ulikuwa bado mikononi mwao. Huenda ana haki. Lakini boti tuliichelewesha sisi, tukisubiri mzigo wa kambi nyingine ujae! Mama mmoja alinionyesha daftari lake: anadaiwa na mwenye mtumbwi ndoo 14 za dagaa. Tangu siku hiyo usingizi hauji.

Mwenzangu anataka pia tuchanganye wabovu kidogo kidogo kwenye magunia mazuri. Hilo nimekataa, watu wanalishia watoto.

Nikilipa yote, mtaji wa giza lijalo unakatika na vijana wangu wawili wa kupakia wanakosa kazi. Ninyi mngeigawaje hasara hii? Na mwenzangu nimwambieje?