Pasipoti ya mama kutoka Jibondo: Kibaha, Kurasini au tupande ndege?

Mjibondo Halisi
Salaam wadau. Naomba ushauri wa waliokwisha kuipita njia hii. Nataka kumkatia mama pasipoti, na yangu pia, kwa sababu nitamsindikiza Umra panapo majaliwa. Sisi tuko kisiwa cha Jibondo, Mafia, siyo Kilindoni mjini. Kabla sijaanza kuhesabu safari ya bara, kuna mashua hadi Utende, halafu bodaboda hadi Kilindoni, na yote hayo yanangoja maji yajae saa ngapi.

Kwamba fomu inajazwa mtandaoni nimeshajua. Ninapokwama ni hapa. Kibaha ndiko ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, maana Mafia ni Pwani. Kurasini ni Dar, wengi wanapitia huko. Wengine wananiambia tupande ndege, tumalize shughuli, tugeuze. Na kuna kijana mmoja Kilindoni ananiambia nimpe 350,000 kwa kila pasipoti, "mama hana haja ya kutoka kisiwani". Mama ana miaka sitini na ushee, magoti yanamsumbua, na bahari ya wakati wa upepo wa kusi hataki hata kuisikia ikitajwa. Mngekuwa ninyi, mngekwenda wapi?

Binti Kirongwe
Huyo wa mwisho mfute kabla hatujaendelea. Ada ni 150,000: unalipa 20,000 ukijaza fomu, na 130,000 ukiwasilisha. Mfumo unakupa kontroo namba, unalipa kwa simu yako ukiwa umekaa barazani. Pasipoti hizi za kielektroniki zilizoanza Januari 2018 zinataka alama za vidole na picha ya mwenyewe, papo hapo dirishani. Sasa kijana vidole vya mama atavitoa wapi?

Mjibondo Halisi
Nimemuuliza swali hilohilo. Amesema "tuna watu wetu". Nimemuaga.

Abiria wa Nyamisati
Mimi naipita njia hii kila mwezi kwa biashara, nikueleze ilivyo. Kivuko kikitoka Kilindoni hadi Nyamisati, ng'ambo ya bara, kinachukua muda wa saa nne hivi, bahari ikiamua kuwa na adabu. Pabaya ni katikati ya mlango wa Mafia. Ukishaingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji maji yanalala, na wazee ndipo wanapoanza kuongea tena. Nyamisati unapanda gari linalotokea Bungu, unaikamata Barabara ya Kilwa, unashuka Mbagala Rangi Tatu.

Kuanzia hapo tofauti inaonekana. Kurasini iko mbele yako kwenye barabara ileile, hukati kona ya maana. Kibaha inakubidi ulikate jiji zima hadi Mbezi, kisha upande Barabara ya Morogoro. Yaani makao makuu ya mkoa wetu tunayafikia kwa kuvuka mkoa wa watu! Kwa mgonjwa wa magoti, mimi ningesema Kurasini, bila kujiuliza mara mbili.

Mwalimu wa Baleni
Mkuu hapo juu amesema kweli kuhusu barabara, ila amesahau usiku. Ukishuka Rangi Tatu jioni umechoka, mama amechoka, ofisi imefungwa. Mtalala wapi? Mimi nilienda Kibaha kwa sababu shangazi yangu anakaa Maili Moja. Nililala kwake, asubuhi nikatembea kwa miguu, kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza vidole na picha. Kama una ndugu Mbagala au Temeke, Kurasini. Kama una ndugu Kibaha, Kibaha. Kama huna popote, hesabu gesti kwenye bajeti, tena gesti ya watu wawili.

Na nikiri jambo. Hiyo niliyoeleza ilikuwa safari yangu ya pili. Ya kwanza nilirudishwa, na kosa lilikuwa langu: kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandika Athumani, cheti cha kuzaliwa kimeandika Othman. Mtu mmoja, babu mmoja, karatasi mbili. Nikarudi Mafia kuapa kiapo cha majina mahakamani, nikavuka tena. Nauli mara mbili, siku sita kazini sipo. Kaa na mama leo usiku, weka karatasi zote juu ya mkeka, mzisome herufi kwa herufi.

Fundi Mashua
Naunga mkono. Watu wanagombania Kibaha au Kurasini wakati safari inaharibikia nyumbani. Mjibondo, cheti cha kuzaliwa cha mama kipo? Na cha mzazi wake je? Ndiyo, watataka na cha mzazi wa mwombaji. Bibi zetu hawakuwa na vyeti, kwa hiyo hapo kinaingia kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, unaapa kwa hakimu au wakili. Ongeza kitambulisho cha NIDA au namba yake, na ushahidi wa safari. Kwenu barua ya taasisi inayowapeleka Umra ingefaa sana.

Changu kililowa Mei 2024, siku kimbunga Hidaya kilipotua hapa kwetu. Bati liliondoka, sanduku likajaa maji, cheti kikawa uji. Nilianza upya RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, kupitia kwa mkuu wa wilaya. Tangu hapo makaratasi yangu yanakaa ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, na mke wangu ameacha kunicheka.

Mjibondo Halisi
Cheti cha mama kipo, alikitafuta mwaka wa kumwandikisha mjukuu. Cha bibi hakipo na hakikuwahi kuwepo. Kwa hiyo kiapo. Ahsante, hilo lilikuwa limenipita kabisa.

Jambo jingine ninaliogopa kuliko hata bahari. Mama amefanya mwani na pweza maisha yake yote. Vidole vimelika. Wakati wa NIDA ile mashine ilikataa, ikakataa, ikakataa.

Binti Kirongwe
Mama yangu hivyohivyo. Tulichofanya: wiki mbili kabla, hakugusa miamba wala kamba za mwani. Kila usiku mafuta ya nazi vidoleni. Siku yenyewe akanawa maji ya vuguvugu, akafuta vizuri, akakandamiza taratibu. Kilichukua muda, ila mashine ikakubali. Mwambie afisa mapema kwamba ni mvuvi wa pweza, asije akadhani anakaidi.

Kijana wa Utende
Kwani asichukue hati ya dharura ya safari tu? Ni rahisi na haina mlolongo.

Abiria wa Nyamisati
Hiyo inamfaa anayekwenda Mombasa au Kampala, humuhumu Afrika Mashariki. Saudia wataitazama na kumrudishia. Kwa Umra ni pasipoti kamili, tena iwe na zaidi ya miezi sita mbele yake. Nzuri ni kwamba yake itakuwa mpya ya miaka kumi, hapo hamna wasiwasi.

Kaskazi
Mbona ndege haijasemewa? Ni kama nusu saa hadi Dar. Kwa magoti ya mama hiyo ndiyo dawa. Nauli ni mara kadhaa ya kivuko, sikatai, na kuanzia Oktoba hadi Machi watalii wa papa potwe wanajaza viti, usipowahi unakosa. Lakini piga hesabu yote: kivuko, gari, gesti siku mbili, chakula, bodaboda. Nilipopiga yangu, pengo halikuwa kubwa kama nilivyodhani. Ila uwanja wa ndege uko upande wa Ukonga, mbali kidogo na Kurasini. Teksi iweke kwenye hesabu.

Na kama kivuko, subiri tanga mbili, kusi likishakatika na kaskazi halijaanza. Bahari inakuwa kioo. Kumvusha mzee mwezi wa saba ni kumtesa.

Mwalimu wa Baleni
Kaskazi kasema. Na mtu akienda kwa ndege na makaratasi yenye kasoro, atarudishwa kwa ndege pia, mjue.

Mjibondo Halisi
Mrejesho, wakuu. Nimemweka mama chini, nikamsomea mawazo yenu yote. Ndege ameikataa kabla sijamaliza sentensi: "Mimi kitu kisichogusa maji sikipandi." Nikamuuliza Jedda tutafikaje. Akasema hiyo ni safari ya Mungu, hiyo nyingine ni ya serikali.

Kwa hiyo ni kivuko, tanga mbili, Kurasini, kwa sababu nimempata binamu Mtoni Mtongani atakayetulaza. Kiapo cha bibi tunakwenda kuapa Kilindoni wiki ijayo, maji ya bamvua yakituruhusu kutoka asubuhi. Tumesoma herufi kwa herufi kama Mwalimu alivyosema. Majina ya mama yako sawa. Yangu mimi, NIDA imenipunguzia "h" moja. Nitaapa siku hiyohiyo, hakimu mmoja, viapo viwili.

Swali la mwisho: picha ya fomu, ile yenye rangi ya bluu mpauko nyuma, wanapiga hapo stesheneri ya Kilindoni au nisubiri Dar?

Binti Kirongwe
Wanapiga, na fomu wanakuchapia hapohapo. Ila mwambie mama asivae ule mtandio wake wa bluu. Wangu alivaa, tukapata picha ya uso peke yake unaelea hewani.

Fundi Mashua
Na usisahau ndoo.