Mama ana presha, magoti yanamsumbua: diclofenac ndiyo inampandisha?

Mchagga_wa_Machame:
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa yuko Machame, miaka 68, kilo kama 60. Anatumia losartan H (50/12.5) asubuhi, amlodipine 10 usiku, na junior aspirin 75 mchana akishakula. Presha ilikuwa imetulia muda mrefu, 135/80 hivi. Tangu mvua zianze magoti yamembana, duka la dawa wakampa diclofenac 50, kutwa mara tatu. Sasa ni wiki ya tatu: presha inasoma 160 kwenda juu, miguu imevimba, na kiungulia hakimwachi. Dukani wanasema aongezewe dawa ya presha na aanze omeprazole. Ni diclofenac hii au ni presha yenyewe? Na akiiacha, anywe nini?

Mfamasia_Kaloleni:
Mkuu, kabla hamjaongeza kidonge chochote, ondoeni diclofenac. Hapo dukani wanatibu madhara ya dawa kwa dawa nyingine.

Iko hivi. Diclofenac, ibuprofen, meloxicam, piroxicam na aspirin zote hufunga kimeng'enya kiitwacho COX, ambacho mwili hukitumia kutengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zenye kazi nyingi. Prostaglandini za kwenye goti huleta uvimbe na kukoleza maumivu, kwa hiyo hapo nafuu anayoipata ni ya kweli kabisa. Shida ni kwamba dawa haichagui goti. Prostaglandini hizohizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na kwenye figo hupanua mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio. Ukizifunga, figo hushikilia chumvi na maji: miguu inajaa, presha inapanda, losartan inafanya kazi nusunusu.

Kwa huyu bi mkubwa kuna zito zaidi. Losartan hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio. Hiyo H, yaani hydrochlorothiazide, hupunguza maji mwilini. Diclofenac nayo inabana mshipa wa kuingizia. Zikikutana zote tatu, msukumo wa damu ndani ya kichujio unaporomoka, na mzee akiharisha au kutapika siku mbili tu, figo zinaweza kugoma. Wala hatasikia maumivu ya figo. Pengine ataona tu mkojo umepungua. Potasiamu pia hupanda, na ikizidi mapigo ya moyo huvurugika.

Aspirin na diclofenac kwa pamoja huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Msitegemee kiungulia kiwape taarifa, wazee wengi hutoka damu bila dalili hiyo. Akipata choo cheusi cha kunata kama lami, au kizunguzungu akisimama, ni hospitali siku hiyohiyo.

Cha kufanya: diclofenac aiache leo, haihitaji kupunguzwa taratibu. Losartan na aspirin asiziache bila daktari. Wiki hii apime kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), potasiamu na wingi wa damu, hospitali ya Mawenzi au KCMC, popote palipo karibu. Presha mpimeni asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kisha daktari aamue akiwa na namba mkononi. Amlodipine 10 nayo huvimbisha vifundo, kwa hiyo uvimbe usipoisha mkumbusheni hilo. Ila amlodipine haipandishi presha.

Sista_Zamu_ya_Usiku:
Naongezea kwenye swali la anywe nini. Aanze na paracetamol, na anywe kwa saa, si pale anapozidiwa tu. Vidonge 2 vya 500 mg kila baada ya saa 8, yaani 6 kwa siku, kwa umri wake panatosha. Mtu mzima mwenye afya mwisho wake ni gramu 4, vidonge 8 ndani ya saa 24. Mwenye chini ya kilo 50 anywe kimoja kimoja. Tuwe wakweli: paracetamol haiondoi uvimbe, na kwa magoti yaliyosagika nguvu yake ni ndogo. Lakini kwa kipimo hicho haigombani na figo zake wala tumbo.

Inachogombana nacho ni ini. Sehemu ndogo ya paracetamol hugeuka sumu ndani ya ini, na ini huizima kwa glutathioni, kemikali yake ya kujikinga. Mtu akizidisha kipimo, au hajala siku kadhaa, au ni mtu wa mbege na gongo kila siku, glutathioni huisha na sumu hubaki inakula ini. Kibaya ni kwamba siku ya kwanza aliyezidisha anaweza kuwa na kichefuchefu tu, au asione kitu. Ini linaharibika siku ya pili na ya tatu. Acetylcysteine, dawa ya kuzuia sumu hiyo, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, kwa hiyo msisubiri macho ya njano.

Someni pia maandishi ya kwenye paketi. Vidonge vya mafua na vile vya mchanganyiko vya maumivu mara nyingi vina paracetamol ndani, mtu anajikuta ameinywa mara mbili. Na zile za kuyeyusha kwenye maji zina sodiamu kama 400 mg kila kidonge. Mwenye presha azikwepe.

Mchagga_wa_Machame:
Asanteni sana. Jirani anashauri achomwe sindano ya diclofenac, eti haipiti tumboni. Na ile ya kupaka je?

Mfamasia_Kaloleni:
Sindano inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoifikisha kwenye ukuta wa tumbo na kwenye figo. Sindano moja ni 75 mg, zaidi ya kidonge alichokuwa anakunywa. Za kuweka njia ya haja kubwa ni hivyohivyo. Hata kula kwanza hupunguza kichefuchefu tu, kidonda hakizuiliki kwa ugali.

Jeli ni habari nyingine. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 ya kile cha kidonge. Majibu ya figo yakiwa mazuri, daktari akiridhia, apake jeli ya 1%, gramu 4 kwa kila goti, mara 4 kwa siku. Wengi hupaka kidogo mno halafu wanasema haifai: tyubu ya gramu 20 ni mipako 5 tu ya goti moja. Asifunge plasta juu yake wala kukanda kwa maji ya moto.

Mtu asimpe tramadol, dawa kali ya maumivu, kwa huruma. Kwa umri huo ni kizunguzungu, choo kigumu na kuanguka.

Guide_Marangu:
Samahani kudandia uzi. Wageni wengi wanapanda mlima na ibuprofen tangu getini, pamoja na Diamox (acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko). Ina shida?

Sista_Zamu_ya_Usiku:
Ibuprofen inasaidia kichwa cha mwinuko, 400 mg, isizidi mara 3 kwa siku, akiwa amekula. Ila Diamox inamkojoza, na mtu aliyekaukiwa maji akinywa ibuprofen anaumiza figo. Asiyekunywa maji ya kutosha mpe paracetamol. Aspirin za kichwa usichanganye na Diamox, zinaweza kulundikana mwilini. Na kichwa kisichosikia dawa, huku mtu anayumba akitembea au anaongea ovyo, ni ubongo unavimba. Mshushe muda huohuo, hata kama ni usiku.