HRV (kupishana kwa muda kati ya mapigo ya moyo) ya papo kwa papo: RMSSD inaruka mtu akiwa ametulia

mpigo_data:
Wakuu, programu inapokea vipindi vya RR (muda kati ya pigo moja la moyo na linalofuata) kutoka mkanda wa kifua kwa Bluetooth na kukokotoa RMSSD ya sekunde 60 zilizopita, yaani kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili vya tofauti kati ya vipindi vinavyofuatana. Mtu amekaa kimya, mapigo 75 kwa dakika, RMSSD milisekunde (ms) 30. Ghafla inafika 135, baada ya dakika moja inarudi 30. Ni hatari ya kweli au hesabu?

fundi_sensa:
Hesabu. Imekaa dakika moja kwa sababu kipindi kibovu kimekaa humo sekunde 60, kisha kikatoka. Sensa imeruka pigo moja: vipindi viwili vya ms 800 vimesomwa kama kimoja cha 1600. Zinazaliwa tofauti mbili za 800, na zikishapigwa kipeo cha pili zinameza nyingine zote.

Linganisha kila kipindi na kile cha katikati kwa ukubwa (median) katika vitano vilivyotangulia. Kikipishana kwa zaidi ya 20%, kitupe, na usitoe tofauti kati ya majirani zake wawili. Hapo ndipo wengi hukosea: wanafuta kisha wanaunga. Vilivyotupwa vikizidi 5%, usionyeshe namba kabisa. Halafu kagua kizio: mikanda ya Bluetooth hutuma RR kwa 1/1024 ya sekunde, si milisekunde.

daktari_wa_zamu:
Naomba msitupe bila kuhesabu. Pigo lililorukwa ni kipindi kimoja karibu mara mbili ya kawaida. Pigo la mapema ni kifupi kinachofuatwa na kirefu, na hilo limetoka moyoni, halikutoka kwenye mkanda. Mapigo hayo ya mapema yawekeeni kaunta yake. Kwenye mpapatiko wa atria (vyumba vya juu vya moyo kupiga ovyo) karibu kila kipindi hupishana na kilichotangulia, RMSSD inapanda sana, na programu isiyojua, inayoona RMSSD kubwa kuwa dalili njema, itampongeza mgonjwa. Kichujio kikitupa mapigo mengi dakika kadhaa mfululizo, na elektrodi zimelowa na kugusa ngozi vizuri, mtu huyo apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo).

mpigo_data:
Asanteni sana. Na kikomo cha tahadhari kiwe ngapi?

daktari_wa_zamu:
Hakuna kimoja cha watu wote. Umri, dawa za kupunguza kasi ya moyo, hata kupumua polepole hubadilisha namba. Mlinganishe mtu na siku zake mwenyewe, mkao uleule, saa ileile. Na maumivu ya kifua au kuzirai hayasubiri HRV: skrini iseme wazi aende hospitali, hata namba ikiwa nzuri.