MOSFET za silikoni kabaidi zinakufa kwenye inverta ya pampu. Kihami cha geti si ni kile kile?

FundiMkuyuni

Habari wakuu. Mimi ni fundi wa inverta hapa Mwanza, mwaka wa kumi na moja huu. Nina inverta ya pampu ya sola, kilowati 5.5, ya mzee mmoja analima nyanya Magu. Ililetwa IGBT zote sita (transista, yaani swichi za kielektroniki) zimeungua. Nikajiongeza: badala ya kurudisha IGBT, nimuwekee MOSFET (transista za aina nyingine) za silikoni kabaidi, volti 1200, miliomu 80, kwa sababu bati lake la kupozea ni dogo na hizi hazichemki sana. Miguu inaingia pale pale. Draiva, saketi inayoendesha geti (mguu wa kuwasha na kuzima), sikuigusa: geti inapata +15 ikiwashwa na −9 ikizimwa, kama ilivyotoka kiwandani.

Ikapiga kazi siku kumi na sita. Mchana wa jua kali, puu! Mkono mmoja (jozi ya transista) ukaondoka, ya juu na ya chini pamoja. Nikaweka mbili mpya. Siku ya tisa, mkono mwingine ukafuata.

Kinachonisumbua ni hiki. Zilizokufa zina shoti ya drein na sosi, miguu miwili inayopitisha umeme mkubwa. Zile nne zilizopona nikazitoa na kuzipima kwa njia yangu ya siku zote: nafunga geti na drein pamoja, napitisha miliampia 1, nasoma volti inayoanza kuiwasha. Mpya kutoka kwenye boksi inasoma 2.7. Mbili za mwanzo zinasoma 1.6 na 1.8. Mbili nilizoweka baadaye, 2.1 na 2.2. IGBT hata ikifanya kazi miaka, hiyo namba sijawahi kuiona ikisogea hivi. Na kihami cha geti kote ni silikoni dioksidi, kioo kile kile. Mbona huku kinateleza?

NyaliVolts

Boss, hizo umenunua wapi? Huku Mombasa ukitaka feki hata hutafuti, zinakutafuta zenyewe. Wanafuta maandishi, wanapiga mengine juu kwa leza.

FundiMkuyuni

Nilifikiria hilo kwanza. Nimezipima zikiwa zimewashwa kwa volti 15, zinanipa miliomu 78 hadi 83. Feki haiwezi kupatia hivyo, tena zote.

BiOksidi

Kaka, feki ingekufa vyovyote vile. Hizi zako zimeshuka kwa mpangilio: iliyokaa muda mrefu imeshuka zaidi. Hiyo ni saini ya kihami. Mimi nipo Ujerumani, na kazi yangu ni kuziweka transista kwenye tanuri la nyuzi 150, geti ikiwa na volti, masaa 1000, halafu kupima zimeteleza kiasi gani. Kwa hiyo umegonga mlango wangu.

Mtuhumiwa wangu ni hiyo −9. Fungua datashiti, angalia mistari miwili ambayo watu huiruka. Kwa nyingi za aina uliyoitaja utakuta inapendekezwa −4 na +15, na mwisho kabisa −8 na +19. Draiva yako ilitengenezwa kwa IGBT, ambayo geti yake inavumilia 20 pande zote mbili. Umeivusha mpaka kila mara ilipozima, maelfu ya mara kwa sekunde.

Sasa swali lako la kioo, maana ni swali zuri kuliko unavyodhani. Kioo ni kile kile kweli. Kilichobadilika ni kinachokaa chini yake. Chukua kihami kama ukuta. Silikoni dioksidi ina pengo la nishati la elektroni-volti 9 hivi, hiyo ndiyo jumla yako ya ukuta. Kitu unachokizungushia kinakula sehemu yake. Silikoni ya kawaida inakula 1.1 tu. Inabaki karibu 7.9: juu, kuzuia elektroni, 3.1, chini, kuzuia matundu (nafasi zilizoachwa na elektroni, zenye chaji chanya), kama 4.7. Silikoni kabaidi ni pana, inakula 3.26. Inabaki 5.7 tu, na mgawo wake ni 2.7 juu na 3 chini.

Upande wa juu umepungua kidogo. Upande wa chini umeporomoka. Na upande wa chini ndio unaoguswa ukipeleka geti kwenye hasi. Matundu yanasukumwa kwenye kioo, yananasa mle, na yakinasa yanafanya kazi ya chaji chanya ambayo hukuiweka. Geti inaanza kujidhani imeshawashwa nusu. Ndiyo 1.6 yako hiyo. Ongeza joto la saa saba mchana, ambalo peke yake huishusha hiyo namba, halafu mkono wa pili unapowaka kwa kasi yake, volti kidogo inapenya kwenye geti ya yule aliyezimwa. Kwenye 2.7 asingeshtuka. Kwenye 1.6 ya moto anafunguka, wote wawili wanafunguka pamoja, na umeme wa kapasita unapita katikati. Ndiyo maana umekuta shoti ya drein ukadhani geti haihusiki.

Kuna jambo la pili, la kuzaliwa. Silikoni ukiichoma kwenye oksijeni inageuka kioo safi, hakuna kinachobaki. Silikoni kabaidi ina kaboni. Kaboni inabidi itoke kama gesi kupitia kioo kinachozidi kunenepa juu yake, na si yote inayofika nje. Mpaka wa kioo na kabaidi unabaki na mitego mingi kuliko wa silikoni, mara mia na zaidi. Viwandani wanaupika tena kwenye nitriki oksidi, nyuzi 1200 hivi, naitrojeni ikazibe mitego. Hilo ndilo lililofanya hivi vitu viuzwe kuanzia mwaka 2010 na 2011. Lakini mitego haikwisha, ilipungua.

Na njia yako ya kupima ni sahihi, ila kabla ya kusoma uipe geti +15 kwa muda mfupi kila mara, kwa namna ile ile. Hizi zinakumbuka mara ya mwisho ulizifanyia nini; usipofanya hivyo utapata namba tofauti asubuhi na jioni. JEDEC, shirika la viwango vya semikondakta, wana mwongozo mzima wa hilo tu, JEP183.

NyaliVolts

Sasa si waweke kihami kingine? Nasikia hafniamu oksidi inashika umeme mara tano ya kioo. Ama atumie galiamu naitraidi, amalize.

BiOksidi

Rudi kwenye hesabu ya ukuta. Hafniamu oksidi pengo lake halifiki 6. Toa 3.26, kilichobaki ugawe juu na chini: umejenga ua wa mabua. Alumina ina nafuu, kama 7. Wanachojaribu wengi ni kutandaza kioo chembamba kwanza, halafu hicho kingine juu yake. Faida yake ipo, tena kubwa, wakati transista imezimwa na inazuia volti 1200: kioo kinabeba msukumo mara 2.5 ya ule ulio ndani ya kabaidi, na kihami chenye kushika zaidi kinaupunguza. Lakini hiyo si shida ya kaka hapa.

Galiamu naitraidi nyingi za dukani hazina kihami kabisa kwenye geti, zina tabaka la galiamu naitraidi chanya, na mwisho wake ni volti 7 hivi. Aiweke kwenye draiva ya 15? Haitamaliza hata sekunde.

FundiMkuyuni

Dada umenifungua macho. Nimeiona draiva: sapulai ni volti 24, imegawanywa kwa zena (diodi ya kushikilia volti) ya 9.1. Kesho naitoa naweka zena ya 3.9, tumemaliza.

BiOksidi

Simama hapo! 24 toa 3.9 ni ngapi?

FundiMkuyuni

20.1. Duh. Ningepasua upande wa pili.

BiOksidi

Punguza sapulai kwanza. Na waya wa kutoka draiva hadi geti una urefu gani?

FundiMkuyuni

Sentimita 18, imelegea tu.

Nimerudi baada ya wiki tatu. Kila sapulai nimeipitisha kwenye LM317 (kidhibiti volti), rezista ya 240 na ya kilo-omu 3.3, inatoa 18.6. Zena ya 3.9. Geti inapata +14.7 na −3.9. Waya nimeukata ukabaki sentimita 4, nimeusokota. Zile nne zilizoshuka sikuzirudisha, zote sita ni mpya. Jana nimekwenda Magu na boda, nimezitoa mbili za mkono wa kwanza, nimezipa +15 kabla ya kusoma: 2.7 na 2.6. Mzee ananiuliza kwa nini nafungua kitu kinachofanya kazi.