Wakuu, lenzi ya Mamiya 80mm f/1.9 kwenye GFX 50R: hereni zinaonekana hadi mikwaruzo, macho yana ukungu. Nakosea wapi?

Mpiganaji_Mbagala

Habari za jioni wakuu. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Dar, huu mwaka wa sita. Miezi mitatu iliyopita nilijikaza nikanunua Fujifilm GFX 50R iliyotumika. Kamera tupu, maana bei za lenzi zake za GF zilinitoa jasho. Jamaa mmoja akaniuzia Mamiya-Sekor C 80mm f/1.9, ile ya kamera za filamu za Mamiya 645, na adapta ya chuma ya kuiunganisha na kamera, isiyo na umeme wowote. Fokasi ni ya kuzungusha kwa mkono.

Rangi zake nazipenda kufa. Ule ukungu wa nyuma hakuna simu itakayouiga. Shida ni kwamba Jumamosi nilikuwa na bibi harusi bustanini, chini ya mwembe, saa kumi na moja jioni. Nimepiga picha 140, zilizokaa sawa hazifiki 30. Nyingi hereni ziko kali, macho kama yamepakwa mafuta. Mama wa bibi harusi akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa umempiga sikio."

Ninavyofanya: nawasha ile mistari myekundu ya kusaidia fokasi (pikingi), naweka jicho katikati ya kioo, nakuza, nazungusha mpaka liwe kali, narudisha picha nzima, nasogeza kamera kuipanga, napiga. Umbali kama mita moja na nusu. Kamera iko kwenye A, yaani inachagua yenyewe kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga). ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 200, shata ilikaa kwenye 1/1000 muda wote, kwa hiyo sidhani kama ni mkono kutetemeka. Nilibana tundu la lenzi hadi f/4 (namba ya f ikipanda tundu linakuwa dogo) nikidhani itasaidia, yakawa yale yale.

Naombeni ushauri kabla sijapoteza wateja.

Kaa_la_Moto

Uza hilo chuma, nunua GF 80mm f/1.7, inafokasi yenyewe. Maisha mafupi.

Mpiganaji_Mbagala

Mkuu ile mpya inazidi dola 2,000. Niuze figo?

Dj_Picha

Hiyo ni adapta. Hizi za bei rahisi unene wake hauko sawa, ndiyo maana fokasi inaangukia nyuma. Tafuta nyingine.

Mzee_wa_Filamu

Hapana Dj, hapo tusimpoteze kijana. Kwenye Mamiya yenyewe ya filamu hoja yako ingekuwa na uzito, kwa sababu unachungulia kupitia kioo kinachopinduka na filamu iko mahali pengine. Kioo kikikaa vibaya hata kidogo, unachoona si kile kinachoandikwa kwenye filamu. Lakini GFX haina hicho kioo cha kupinduka. Anachokiona kimetoka kwenye sensa ile ile inayopiga picha. Likiwa kali pale, ni kali kwenye faili.

Mamiya 645 inataka milimita 63.3 kutoka mdomo wa lenzi hadi filamu, GFX ina 26.7, kwa hiyo adapta inajaza 36.6 zilizobaki. Ikipungua kidogo, kitakachoharibika ni namba za umbali zilizoandikwa kwenye pete, na lenzi itapitiliza ule mwisho wa mbali (fokasi ya vitu vya mbali kabisa). Ikizidi, hutafika mwisho wa mbali. Bibi harusi aliye umbali wa mita moja na nusu haathiriki. Adapta iliyopinda upande mmoja hiyo ni habari nyingine, ila hiyo ingempa upande wa kushoto mkali na wa kulia hafifu, siyo sikio badala ya jicho.

Kijana, kuna kitu umeandika pale juu kinaniwasha. Nitarudi, naenda kuswali.

Binti_Tanga

Mimi tatizo naliona kwenye maneno haya: "nasogeza kamera kuipanga, napiga". Ndugu yangu, hapo ndipo unapompoteza.

Watu wengi hudhani fokasi ni kama kamba uliyoifunga kati ya kamera na jicho, kwamba ukigeuka nayo inabaki na urefu ule ule. Sivyo. Fokasi ni khanga iliyoanikwa mbele yako, imenyooka, sambamba na sensa. Ukigeuza kamera, khanga yote inageuka nawe, na jicho ulilolipima katikati linabaki mbele ya khanga.

Nimepiga hesabu yako. Mita 1.5, ukiinamisha kamera digrii 10 tu ili jicho liende juu ya fremu, khanga inaangukia nyuma ya jicho kwa sentimita 2 na ushee. Ukigeuza digrii 15, inakuwa sentimita 5. Sasa 80mm kwa f/1.9 kwenye sensa ya milimita 43.8 × 32.9, eneo lote linaloonekana kali kwa umbali huo ni kama sentimita 4 na nusu, nusu mbele nusu nyuma. Yaani una sentimita 2 tu za kuchezea kila upande, na hicho ni kipimo cha picha ya kuchapisha na kutundika ukutani. Wewe una pikseli milioni 51, ukikuza kwenye kompyuta unaona hata hizo 2 ni nyingi. Na nyuma ya jicho kuna nini? Shavu, kisha sikio.

Dawa: usigeuze. Panga picha kwanza, kisha tumia ile jostiki ya nyuma kupeleka kisanduku cha fokasi hadi juu ya jicho, bonyeza kigurudumu cha nyuma ikuze pale pale, zungusha pete, piga. Kamera isisogee.

Nyali_Mwangaza

Niko Mombasa, nina 50R pia. Naongezea kuhusu hiyo pikingi: usiiamini na nguo zetu. Pikingi haitafuti macho, inatafuta mahali rangi au mwanga unapobadilika ghafla. Mvalishe mtu kitenge, au lesi yenye shanga, kioo chote kinakuwa chekundu kama pilipili na jicho halionekani. Hereni za dhahabu ndizo mbaya zaidi, zinawaka hata zikiwa nje ya fokasi kidogo. Huenda ndiyo iliyokudanganya.

Mimi nimeiweka kiwango cha chini, na kamera nimeiweka kwenye nyeusi na nyeupe huku nikipiga RAW (faili ghafi). Ndani ya kioo naona kijivu kitupu na nyekundu kidogo, kwenye faili rangi zipo zote. Na uamuzi wa mwisho naufanya kwa kukuza, natazama kope, siyo mboni. Mboni za watu wetu ni nyeusi, hazina cha kushika. Kope zina mistari.

Halafu kuna alama moja ya bure. Hizi lenzi za zamani zikiwa wazi kabisa zinavuja rangi: kilicho mbele ya fokasi kinapata uzambarau kwenye kingo, kilicho nyuma kinapata ukijani. Fungua zile picha zako mbovu, tazama kope. Zikiwa na uzambarau, fokasi imeangukia nyuma yake.

Mpiganaji_Mbagala

Nyali nimefungua sasa hivi. Zambarau tupu. Hata zile za f/4 zimejaa zambarau.

Mzee_wa_Filamu

Nimerudi, na umenisaidia kumaliza sentensi yangu. Uliandika kwamba shata ilikaa 1/1000 muda wote, hata ulipobana hadi f/4. Mwembe ule ule, saa ile ile, ISO ile ile, kamera inachagua shata yenyewe. Kutoka f/1.9 kwenda f/4 mwanga unapungua zaidi ya mara nne. Shata ilitakiwa ishuke hadi karibu 1/250. Haikushuka. Unaelewa maana yake?

Toa lenzi mezani, itazame kwa mbele, zungusha pete ya f hadi 16. Yale mabati ya ndani yanafunga?

Mpiganaji_Mbagala

Hayasogei mzee. Duara liko wazi lote.

Mzee_wa_Filamu

Kuna kiswichi kidogo ubavuni kimeandikwa A na M. Kiko wapi?

Mpiganaji_Mbagala

A.

😭😭😭

Kaa_la_Moto

Uzi bora wa mwaka.

Mzee_wa_Filamu

Usilie, si wewe wa kwanza. Lenzi hizi zilitengenezwa ili ukichungulia kioo kiwe na mwanga wa kutosha. Swichi ikiwa A, tundu linabaki wazi hata ukiweka f/8, na ni kamera ya Mamiya inayolibana wakati wa kupiga tu. Adapta yako haina cha kulibana. Kwa hiyo tangu ununue hujawahi kupiga f/4. Zote ni f/1.9. Na kwa kuwa hakuna umeme, kamera haiandiki namba ya f kwenye faili, hukuwa na pa kuligundulia.

Peleka M. Ukizungusha pete utaona kioo kinafifia kisha kamera inakiongezea mwanga yenyewe.

Jambo moja tu ukishahamia M: fokasi ipimwe kwenye f ile ile utakayopigia. Usifokasi f/1.9 kisha ukabana. Lenzi za aina hii zikibanwa, fokasi huhama kidogo.

Binti_Tanga

Mzee shikamoo. Mimi nimeruka moja kwa moja kwenye hesabu, hata shata sikuitazama.

Ila kwa f/4 ya kweli, zile sentimita 4 na nusu zinakuwa 9 na zaidi. Hapo hata akiteleza kidogo jicho linapona. Kwa kazi ya mteja mimi ningekaa f/2.8 hadi f/4, hiyo f/1.9 niitumie baada ya picha za uhakika kupatikana.

Mzee_wa_Filamu

Marahaba mwanangu. Na mkalishe bibi harusi. Aliyesimama anayumba mbele na nyuma bila yeye kujua, hasa na vile viatu, na wewe mpigaji unayumba vilevile. Mkiyumba sentimita moja moja, zile 2 zimeisha. Kiti kimoja, wewe uegemee mti. Kila pozi piga tatu, si kumi na tano. Mimi kwenye 645 filamu moja ya 120 inanipa picha 15 tu, na mteja anaondoka ameridhika.

Nyali_Mwangaza

Mzee na filamu zake 😂

Mpiganaji_Mbagala

Mrejesho wakuu. Leo nimemkalisha mdogo wangu wa kike barazani, amevaa kitenge na hereni zile zile za fujo. Swichi M. Nimepiga 30 kwa f/2.8 bila kugeuza kamera, kisanduku juu ya jicho, nyeusi na nyeupe kwenye kioo. 26 kali. Kwa f/1.9, picha 30 nyingine, 17. Nne kati ya zilizoharibika alikuwa anacheka, siwezi kumlaumu.

Swali la mwisho. Saa saba mchana nilimtoa juani, f/1.9 na ISO 100, picha zote nyeupe kama zimemwagiwa chokaa. Shata imegota 1/4000.

Binti_Tanga

Jua la saa saba kwa f/1.9 linataka karibu 1/6400, na shata yako ya kimakanika mwisho wake ni hiyo 1/4000. Ile ya kielektroniki inafika 1/16000, ila sensa hiyo inasomwa taratibu, akigeuza kichwa atatoka amepinda. Weka filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya hatua tatu. Au mrudishe mtoto barazani, saa saba unampeleka juani kufanya nini?

Mpiganaji_Mbagala

Naye kauliza hivyo hivyo.

Kaa_la_Moto

Mkuu hiyo lenzi ukiichoka nistue.